Mashine Isiyokohoa

Kauthar Abdulazizi alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kwa mwaka wa tatu mfululizo kazi iliyomlisha ilikuwa kutazama milango midogo ikifunguka na kufungwa. Ndugu zake wa mjini Singida, waliozoea biashara ya vitambaa na mafuta ya alizeti, hawakuelewa vizuri anafanya nini huko Mwankoko. Wakiulizwa walijibu tu kwamba yuko maabara, na aliyeuliza akaridhika.

Milango yenyewe huitwa vali. Katika mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni kwenda moyoni, kila baada ya hatua fulani kuna vali moja: midomo miwili ya ngozi laini, myembamba kama utando wa ndani ya ganda la yai. Damu ikipanda, midomo inaachana. Damu ikitaka kurudi chini, midomo inakutana na kuizuia. Kwa watu wengine midomo hiyo hulegea. Damu inatuama miguuni, mguu unavimba, ngozi inaanza kuwa nyeusi, na siku moja kidonda kinatokea karibu na kifundo, kikakaa miaka bila kupona.

Daktari Ignas, mkuu wa maabara ile, alikuwa anatafuta vali ya kupandikiza. Alizaliwa Itigi, baba yake mfanyakazi wa reli, na baba huyo alikatwa mguu kwa sababu ya kidonda cha namna hiyo. Daktari hakupenda kulisema jambo hilo. Kauthar alilisikia kwa Luciana, mshonaji, mwanamke wa Kintinku ambaye kabla ya hapo alikuwa akidarizi vitambaa vya altare. Sasa Luciana alikuwa akikaa kwenye hadubini kutwa nzima, akikata vipande vya mishipa ya shingo ya ng'ombe vilivyoletwa kutoka machinjio ya Manyoni vikiwa vimelowekwa kwenye dawa, na kuvishona kwenye fremu ya waya isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Vali moja ilimchukua siku mbili.

Kazi ya Kauthar ilikuwa kuzipima. Mashine aliiunda mwenyewe kwa miezi minane, katika chumba ambacho zamani kilikuwa ghala la vitunguu. Maji yalichanganywa na gliserini mpaka yakawa mazito kama damu, yakapashwa moto hadi nyuzi thelathini na saba, joto la mwili wa mtu. Yalizunguka kwenye mirija ya silikoni inayotanuka na kunywea kama mishipa. Mota ilikamua mfuko laini mara moja kila sekunde, kama shavu la mguu linavyokamua damu mtu anapotembea. Tangi lilipandishwa hadi karibu na dari ili uzito wa maji uilemee vali kama unavyoilemea mtu anaposimama. Likishushwa, ilikuwa kama amelala. Umeme ulikatika mara nyingi, kwa hiyo betri nne za lori zilipangwa ukutani. Kila vali ilitakiwa itembee hatua milioni tano, yaani siku hamsini na nane, mchana na usiku.

Mwezi ule wa Agosti vali kumi na mbili zilimaliza hatua zao, na zote zilifaulu. Maji yaliyovuja kurudi nyuma hayakufikia hata nusu ya kiwango kilichoruhusiwa. Daktari Ignas aliagiza wali kwa kuku wa kienyeji, wakala pamoja uani, na Luciana akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Zilibaki siku tisa ripoti ipelekwe kwenye kamati ya maadili. Kamati ikikubali, vali zingepandikizwa kwa kondoo, kisha kwa watu kumi. Orodha ya watu hao ilikuwa tayari mezani kwa Daktari, na jina la kwanza lilikuwa la Mboni Mselemu, shangazi yake Kauthar.

Shangazi Mboni alikuwa na miaka sitini na mbili. Thelathini na nne kati ya hiyo aliimaliza akiwa amesimama nyuma ya meza ya duka lake la vitenge, akipima na kukata. Kidonda chake kilikuwa na miaka minne. Kila Jumatano alikuja Mwankoko, kwa sababu siku hiyo Daktari aliwaona wagonjwa katika chumba cha mbele, na Kauthar alikuwa akiacha mashine yake kwa saa moja ili amsaidie.

Jumatano ya wiki ile, baada ya shikamoo na marahaba, Daktari alimlaza shangazi kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, akampaka mafuta ya baridi juu ya paja, akaweka kichwa cha ultrasound. Kwenye kioo mshipa ulionekana kama mfereji mweusi, na damu iliyokuwa inapanda ikatiwa rangi ya buluu.

"Haya, mama, kohoa," Daktari alisema.

Shangazi akakohoa. Buluu ikageuka nyekundu ghafla, ikashuka, ikakaa hivyo kwa muda kabla ya kurudi.

"Ileile," alisema Daktari, akaandika. "Haijawa mbaya zaidi."

Nje, kwenye benchi, Kauthar alipiga magoti kumfunga shangazi yake bandeji ya kubana. Upepo wa kiangazi ulikuwa unavuma tangu asubuhi, na vumbi lilikuwa limejaa hewani. Shangazi akakohoa tena, safari hii bila kuambiwa, akajishika paja.

"Unaumia?"

"Siumii. Ila nikikohoa ndiyo naisikia. Kama mtu kanimwagia maji ya uvuguvugu ndani ya mguu, kutoka huku juu mpaka chini. Nikitembea sisikii. Nikisimama naona uzito tu. Lakini nikikohoa, au nikiinua mtumba wa vitenge, ndiyo naisikia." Akashusha gauni lake. "Na kwa vumbi hili la Singida, mwanangu, nakohoa toka Juni hadi Novemba."

Mikono ya Kauthar ilisimama kwenye bandeji. Shangazi akamwambia aendelee, mguu unapigwa na upepo.

Alipomaliza na kumsindikiza hadi kwenye bajaji, alirudi kwenye ghala na kufungua mwongozo wa majaribio. Aliujua karibu wote kwa kichwa, lakini aliusoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Kulala kulikuwemo. Kusimama, kutembea na kusimama kwa muda mrefu pia vilikuwemo. Kukohoa hakukuwemo. Mwongozo huo uliandikwa na watu wa mbali, ukapitiwa na Daktari, ukapitiwa na yeye mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mtu mwenye mishipa ana mapafu pia.

Alhamisi asubuhi alichukua bomba kubwa la sindano, lile linalotumika kuwalisha wagonjwa kwa mpira, akaliunganisha na mrija juu ya vali. Alikuwa amesoma kwamba mtu akikohoa kwa nguvu, presha tumboni hupanda kwa milimita mia moja za zebaki au zaidi, kisha hushuka kabla hujapepesa macho. Alisukuma mchi wa bomba taratibu. Presha ikapanda thelathini tu. Akaupiga kwa kiganja. Ikapanda sitini. Akaupiga kwa ngumi, na mstari kwenye kompyuta ukaruka hadi mia na kumi, ukaanguka. Akarudia mpaka mkono ukazoea. Kisha akachukua vali namba saba, mojawapo ya zile zilizofaulu vizuri kuliko zote, akaiweka mahali pake.

Luciana aliinua uso kutoka kwenye hadubini. "Unapiga nini huko, Kauthar?"

"Naikohoza."

"Unaifanya nini?"

"Mtu akishawekewa hii vali atakohoa, dada Luciana. Nataka nione."

Luciana alivua miwani akaja kusimama pembeni yake. Kikohozi cha kwanza vali ilifunga. Cha pili, cha tatu, cha kumi, ilifunga. Luciana alikuwa ameanza kurudi kwenye kiti chake. Kwenye kikohozi cha kumi na tisa ulisikika mlio mdogo, kama wa mtu anayebonyeza mfuniko wa kopo, na mstari wa kompyuta ukalala chini usinyanyuke. Maji yalikuwa yanarudi nyuma bila kizuizi chochote.

Walitazama kwa kioo cha kukuza. Mdomo mmoja wa vali ulikuwa umegeuka nje ndani, kama mwavuli uliopinduliwa na upepo.

"Nyuzi zangu hazijakatika," alisema Luciana haraka.

"Hazijakatika," Kauthar alikubali. "Ushonaji hauna kosa."

"Basi kosa la nani?"

Kauthar akaing'oa vali ile mashineni. Alipima vali nyingine mbili kabla ya adhuhuri. Moja ilipinduka kwenye kikohozi cha thelathini na mbili. Moja ilistahimili mia mbili, mkono wake ukachoka akaacha.

Alienda kuswali adhuhuri, akarudi, akakaa mbele ya ripoti. Kurasa tisini na nne. Hakukuwa na neno la uongo hata moja ndani yake. Kila kilichodaiwa kilifanyika, na kila kilichofanyika kiliandikwa. Hakuna aliyemtuma kukohoza vali. Angeweza kuosha lile bomba la sindano, akalirudisha kabatini, na asiwe amevunja kanuni yoyote. Luciana asingesema, hilo alilijua kwa namna alivyojiinamia kazini bila kuuliza tena. Alimfikiria shangazi akiwa wa kwanza kwenye orodha. Alifikiria pia jinsi angejibu siku ambayo Daktari angemwita amwambie kwamba mama mmoja damu imemganda mguuni na bonge la damu limepanda kifuani. Wazo hilo ndilo lililomtoa kwenye kiti.

Ijumaa alimkuta Daktari Ignas peke yake, akisahihisha ukurasa wa shukrani. Alimweleza bila kuzunguka. Daktari alisikiliza akiwa ameshika kalamu juu ya karatasi.

"Mwongozo unasemaje kuhusu kikohozi?" aliuliza.

"Hausemi kitu."

"Basi vali zimefaulu."

"Zimefaulu mwongozo, Daktari."

"Kauthar, hakuna jaribio linaloweza kuuiga mwili wote. Leo kikohozi. Kesho utaniambia kupiga chafya, keshokutwa mama anayejifungua. Tutapima mpaka lini? Hawa watu wana vidonda sasa hivi." Hakupandisha sauti. Alionekana mchovu tu. "Kwanza umepiga kwa ngumi. Kamati itaniuliza ngumi ya nani."

"Nitaweka mota. Lakini naomba nikuulize kitu kimoja. Juzi ulimwambia shangazi akohoe. Ulitaka kuona nini?"

Daktari aliweka kalamu chini. Alitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta na shamba la jirani lililokwisha kuvunwa.

"Nilitaka kuona kama damu inarudi," alisema hatimaye.

Alikuja ghalani baada ya chakula cha mchana. Aliomba aonyeshwe, kisha akasema anataka kupiga mwenyewe. Wakaweka vali namba mbili. Daktari Ignas alipandisha mikono ya shati na kuanza kupiga, akihesabu kwa sauti ndogo. Alipofika kumi na nne, ule mlio ukasikika. Aliutazama mstari uliolala, akaenda kwenye sinki akanawa mikono, ingawa haikuwa michafu, akaifuta kidole kwa kidole.

"Miaka kumi na tisa," alisema akiwa amewapa mgongo, "kila mgonjwa ninayemlaza pale mbele namwambia akohoe. Mashine sikuiambia." Kisha akageuka. "Pima zote. Kwa mota."

Kauthar alichukua mota ya dirisha la gari bovu, akaifunga kwenye bomba la sindano kwa mkono wa chuma, na kufikia Jumanne mashine ilikuwa inakohoa mara moja kila dakika mbili, kwa nguvu ileile kila mara. Kati ya vali kumi na mbili, saba zilipinduka. Tano zilistahimili vikohozi elfu moja. Daktari aliandika barua ya kuiarifu kamati kwamba ripoti imeahirishwa, akaiweka mbele ya Kauthar.

"Jina lako litangulie," alisema. "Wewe ndiye uliyeona."

Kauthar alitia sahihi yake chini ya barua ile, akaitazama. Hakuona fahari. Aliona kwamba miaka mitatu ya watu watatu ameisimamisha kwa karatasi moja, na kwamba bado kuna mtu hajamwambia.

Alimwambia Jumapili, dukani. Shangazi Mboni alikuwa amemaliza kumhudumia mteja, anakunja kitenge kilichochaguliwa kikaachwa. Alisikiliza huku akiendelea kukunja.

"Kwa hiyo usingepima, ningewekewa," alisema.

"Kondoo kwanza. Halafu wewe."

"Na ningekohoa."

"Ndiyo, shangazi."

"Ikapinduka."

"Pengine isingepinduka. Tano hazikupinduka. Lakini saba zilipinduka."

Shangazi aliweka kitenge kwenye rafu, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Unajua mara ya mwisho nimekaa kwenye shughuli ya watu ni lini? Harusi ya Hanifa. Nilikaa karibu na mlango ili harufu itoke nje. Mtoto wa mtu akamuuliza mama yake, nini kinanuka." Sauti yake haikutetemeka. "Nimewaambia soko zima kwamba mwakani napona. Mwanangu mwenyewe ndiye anayetengeneza dawa, nikawaambia. Sasa nenda, Kauthar. Nataka kufunga duka."

Ilikuwa saa tano asubuhi. Kauthar alitoka, na nyuma yake akasikia milango ya bati ikivutwa.

Jumatano mbili shangazi hakuja. Kauthar alipiga simu, haikupokelewa. Alipeleka bandeji nyumbani, msichana wa jirani akazipokea mlangoni na kusema mama amelala. Jumatano ya tatu bajaji ilisimama nje na shangazi akashuka polepole, mguu umevimba kuliko kawaida.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimekuja kufungwa mguu. Sijaja kusemeshwa."

Kauthar alipiga magoti akamfunga. Wiki iliyofuata ilikuwa vilevile. Wiki ya tano shangazi aliuliza, akiwa anatazama pembeni, kama ile mashine bado inakohoa. Kauthar akamjibu kwamba inakohoa.

Luciana naye alikuwa na majonzi yake. Kwa siku nyingi alikuja, akavaa koti, akakaa mbele ya hadubini bila kushona. Hakuna aliyemlaumu, lakini vali zilikuwa za mikono yake, na mtu aliyezoea kusifiwa kwa mshono hapendi kuona kazi yake imepinduka kama soksi. Kisha asubuhi moja alikuja na vipande viwili vya kitambaa cha shuka, akavitandaza juu ya meza ya Kauthar, akamwita na Daktari.

"Tazameni. Sisi tunakata midomo inagusana kwa ncha tu, hivi." Aliweka kingo za vitambaa zikutane. "Ni kama blauzi ambayo pande zake zinakutana katikati bila kupandana. Ukivuta pumzi tu, inaachana. Fundi yeyote wa Manyoni angewaambia. Blauzi inataka kupandana." Akasogeza kitambaa kimoja juu ya kingine, kwa upana wa vidole viwili. "Hapo hata ukikohoa, kifua hakionekani."

"Kwenye vali midomo haipandani," alisema Daktari, akiwaza. "Inalaliana. Uso kwa uso."

"Basi ilaliane zaidi. Niacheni nikate mirefu."

Walikata kwa urefu wa aina tatu. Ya kwanza midomo ililaliana kwa milimita mbili, ya pili nne, ya tatu sita. Kauthar alizipima kwa wiki sita. Za milimita mbili zilipinduka, ingawa zilichelewa. Za milimita sita hazikupinduka hata alipoongeza presha hadi mia na sitini, na kwa siku moja wote watatu walidhani wamefika. Lakini Kauthar alishusha tangi, mashine ikawa kama mtu aliyelala, akadondosha rangi ya chakula kwenye maji. Midomo ile mirefu ilikuwa mizito. Mkondo mdogo haukuweza kuifungua sawasawa, na rangi ilijikusanya nyuma yake ikakaa pale kama tope kwenye kona ya mfereji. Palipotuama rangi, damu ingeganda.

"Nne, basi," alisema Luciana, akarudi kwenye hadubini.

Alishona vali kumi na mbili za milimita nne. Mashine ilizitembeza hatua milioni tano, siku hamsini na nane nyingine, na kila baada ya dakika mbili ikazikohoza. Mvua za mwaka ule zilinyesha, alizeti ikachanua jirani na dirisha la Daktari, umeme ukakatika mara thelathini na moja, betri zikafanya kazi yake. Vali kumi na moja zilimaliza salama. Moja haikupinduka, ila ilianza kuvuja kupita kiwango katika wiki ya saba, na walipoikagua wakakuta ngozi imechanika kando ya mshono. Luciana aliitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni yangu," alisema. "Sindano nimeipitisha karibu mno na ukingo. Andika hivyo."

Kauthar akaandika hivyo. Ripoti ya pili ilikuwa na kurasa mia moja na ishirini, na kamati iliijibu baada ya miezi minne. Iliruhusu kondoo wanane. Kuhusu watu, ilisema itasubiri kondoo wamalize miezi sita.

Kondoo waliwekwa kwenye zizi Kintinku, chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo aliyeitwa Clement, ambaye aliwatembeza asubuhi na jioni na kuandika kila kitu, hata siku ambazo hawakutaka kula. Kauthar alikwenda kila mwisho wa mwezi na ultrasound ya kubebeka. Mwezi wa tatu vali saba zilikuwa zinafunguka na kufungwa vizuri. Moja iliziba, damu iliganda ndani yake, mshipa ukafa taratibu, na kondoo mwenyewe akaendelea kutembea kwa sababu mguu una njia nyingine za kurudishia damu. Hilo nalo likaandikwa.

Wakati huo kidonda cha shangazi kilikuwa kimepungua. Alikubali kununua stuli ndefu akauza ameketi, jambo alilolikataa kwa miaka akisema muuzaji aliyekaa anaonekana mvivu. Bandeji hakuiacha hata siku moja. Kidonda kilichokuwa kipana kama kiganja kilibaki kama sarafu, ingawa hakikufunga kabisa. Mazungumzo yalirudi kati yao kidogo kidogo, kwanza ya mguu, kisha ya dukani, kisha ya ndugu. Siku moja alisema anataka kuwaona hao kondoo.

Walikwenda Jumamosi, pamoja na Luciana, aliyekuwa anakwenda kwao. Shangazi Mboni alisimama kwenye uzio, ameshikilia ubao wa juu, akitazama kondoo wanane wakizungushwa. Alimsalimia Clement, akauliza maswali kama mtu anayenunua mifugo. Umri wao. Wanakula nini. Wamechanjwa wapi.

"Yule aliyeziba ni yupi?"

Clement akamwonyesha, jike mwenye doa jeusi shingoni. Shangazi alimfuata kwa macho mizunguko miwili.

"Anajua?"

"Hajui kitu, mama."

"Na nikiwekewa mimi, ikaziba?" Alimgeukia Kauthar, siyo Clement.

"Tutakupa dawa ya kuzuia damu isigande. Ikiziba pamoja na hiyo, mguu utavimba zaidi kwa muda, na huenda kidonda kikarudi. Inaweza kuwa mbaya zaidi ya hapo. Kati ya wanane, mmoja ameziba. Sijui kwa watu itakuwa wangapi. Hakuna anayejua bado."

Shangazi akatikisa kichwa taratibu. "Angalau sasa unaniambia kabla," alisema. Akamtazama tena yule jike. "Mniandike. Lakini nisiwe wa kwanza. Niwe wa sita. Watano wa mwanzo niwaone kwanza wakitembea sokoni."

Luciana alicheka, akamshika mkono kumsaidia kushuka kwenye mawe. Clement alikuwa ameshamkamata kondoo wa kwanza, amemgeuza ubavu, anamngoja Kauthar. Kauthar akavaa glavu, akapiga magoti kwenye vumbi la zizi, akapaka mafuta kwenye ngozi iliyonyolewa na kuanza kuutafuta mshipa.